Neno Lililosimamisha Mashine Kilimani

Jumatatu, 7 Machi 2011

Mvua imeanza kweli. Jana yalikuwa manyunyu tu. Leo imepiga asubuhi yote na uwanja wa shule umegeuka tope. Kidato cha Pili nimewafundisha vielezi vya Kiingereza. Kanuni wanaipenda kwa sababu ni rahisi: chukua kivumishi, bandika ly mwishoni. Slow, slowly. Bad, badly. Madawati ya nyuma yalikuwa matupu. Wavulana wamekwenda Nyamongo kuokota mawe pembeni ya mgodi, na anayerudi hurudi na simu mpya, hataki tena habari za dawati.

Tomaso amepata kazi. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, na Kiingereza nilimfundisha mimi. Kampuni ya kutafuta dhahabu iliyopiga kambi karibu na ofisi ya kata imemchukua awe mkalimani. Jioni alikuja na buti za kampuni kumwonyesha mama yake. Mama mkwe wangu, Boke, alizishika moja moja, akazigonga kwa kidole, akasema, "Hizi hata nyoka akiuma atajuta."

Jumatano, 9 Machi

Mvua. Mahindi ya shamba la chini yameota.

Jumatatu, 14 Machi

Mashine ya kuchoronga miamba imefika juu ya lori kubwa. Njia nzima watu walitoka kuitazama. Wanataka kuipandisha kilimani, kule kwenye mahame yetu. Familia zetu ziliishi kule juu kabla ya kuhamishiwa barabarani enzi za vijiji vya ujamaa, na nyumba zilipobomoka makaburi yalibaki. Mpaka leo mwenyeji wa huku akifa, mara nyingi tunampandisha.

Mume wangu Mogesi yuko kule. Shimo lilimwangukia Nyamongo, na wenzake walimtoa kwa mikono kwa sababu waliogopa sururu zingemkata. Mama mkwe ndiye aliyesema asizikwe uani, apelekwe kwa baba yake.

Alhamisi, 17 Machi

Tangazo: mkutano wa hadhara Jumamosi. Tomaso amekuja kuuliza Kiswahili cha maneno ya miamba. Nilimpa niliyoyajua. Alikuwa na furaha, hakula sana.

Jumamosi, 19 Machi

Naandika usiku huu huu.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la pamba kwa sababu ya mvua. Mabati yalikuwa yakipiga kelele, ikabidi kila msemaji apaze sauti. Mbele walikaa Mzee Waisiko, mwenyekiti wetu wa kijiji, na Bwana Pieter, mjiolojia wa kampuni, mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu. Tomaso alisimama katikati yao. Mimi na Mama tulikuwa safu ya tatu, upande wa wanawake.

Bwana Pieter alieleza kwamba wanatafuta tu, hawachimbi bado. Wanatoboa tundu jembamba, wanatoa jiwe, wanalipima. Tomaso alitafsiri vizuri mpaka nikaona fahari. Kisha Mzee Waisiko akauliza lile ambalo wote tulilijia.

"Na makaburi?"

Bwana Pieter alitabasamu, akaweka mkono kifuani, akasema kwa Kiingereza, "Our work will hardly touch the graves."

Tomaso alimtazama yule mzungu kama mtu aliyesikia kitu asichokitarajia. Halafu akatugeukia, akapaza sauti juu ya kelele za mabati:

"Anasema kazi yao itayagusa makaburi kwa nguvu!"

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Mwanamke mmoja nyuma yangu alilia kilio cha msiba, wengine wakampokea. Wanaume walisimama wote kwa pamoja, mabenchi yakaanguka. Bwana Pieter alikuwa bado anatabasamu, maana yeye alijua amesema la kutuliza. Mzee Waisiko alipiga fimbo chini akitaka utulivu, hakuna aliyemsikia. Watu wa kampuni walikimbilia gari. Nilisikia kioo kikivunjika nje.

Mama alinishika mkono. "Kasema hivyo kweli?"

"Tomaso ndivyo alivyosema," nilijibu.

Ghala lile lote, ni mimi peke yangu niliyejua. Hard ni kwa nguvu. Hardly sivyo. Neno hilo limevaa ly kama wenzake, lakini halifuati wenzake. Bwana Pieter alisema kazi yao haitayagusa makaburi, au itayagusa kwa kiasi cha kutohesabika. Ningesimama nikasema hivyo, watu wangekaa. Mashine ingepanda kesho yake.

Sikusimama.

Jumapili, 20 Machi

Nje ya kanisa watu walimpa Tomaso mkono mmoja baada ya mwingine. "Kijana wa Boke hakuficha kitu, ingawa anakula chakula chao." Alikuwa amependeza kwa shati jeupe. Vijana wameweka magogo njia ya kilimani, wanalinda kwa zamu. Mashine imekaa palepale chini, imefunikwa turubai.

Jumatatu, 21 Machi

Mvua. Shule, nusu ya darasa.

Jumanne, 22 Machi

Tomaso alikuja kula. Nilipomwekea ugali na dagaa alisema bila kunitazama, "Shemeji, kampuni hawaniiti tena kazini, na hawaniambii kwa nini. Yule mzungu ananitazama kama nimemwibia. Nilikosea wapi?"

Nikamwambia. Nilimpa mifano miwili, mitatu. Mtu akisema mgonjwa hardly eats, hali kwa nguvu huyo. Anaonja tu, karibu hali kabisa.

Aliliweka tonge chini.

"Si tunaongeza ly?"

"Kwa maneno mengi ni sawa. Kwa hilo, hapana."

"Nilishangaa, shemeji. Wallahi nilishangaa pale pale. Nikasema moyoni, huyu leo kaamua kuwa mkweli. Hatujawahi kuambiwa ukweli na hawa watu, basi leo umetoka. Nikausema kwa sauti ili usipotee." Alifuta uso. "Usimwambie mtu."

Sikumwahidi wala sikumkatalia. Na sikumwambia kwamba kuna wakati niliombea kosa lake lidumu. Kijana huyu nilimdhani ameanza kulewa buti za kampuni. Kumbe alikuwa amesimama pale akitusubiria ukweli kama sisi wengine.

Ijumaa, 25 Machi

Wamemchukua Method, kitinda mimba wa Mzee Waisiko. Ni yeye aliyevunja kioo, na mwenyewe hakatai; aliwaambia polisi, "Nilirusha, na wakigusa kaburi la bibi yangu nitarusha tena." Yuko mahabusu Mugumu. Mzee Waisiko alipita hapa akielekea barabarani na mvua, koti limemganda mgongoni. Nilimwamkia. "Marahaba, mwalimu," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mkutanoni.

Mtoto wa mtu amelala sakafuni kwa sababu ya neno ambalo halikusemwa. Jumamosi ile nilidhani kimya changu hakina gharama.

Jumapili, 27 Machi

Baada ya ibada nilipanda kilimani na Mama kupalilia. Majani yamefika magotini. Tulikuta vigingi vyenye utepe mwekundu, vimepangwa mstari kutoka chini mpaka juu. Mstari unapita katikati ya makaburi. Kigingi kimoja kimesimama miguuni pa Mogesi, karibu kiasi kwamba Mama alilazimika kukwepesha jembe ili asikiguse.

"Hiki kinasema nini?" aliniuliza.

"Sijui, Mama."

Lakini nilianza kujua. Hardly si hapana. Hilo ndilo ambalo hata mimi niliyelifundisha sikuwa nimelitazama vizuri. Ni neno linalokwenda kuelekea hapana, likifika mlangoni linasimama, linaacha mlango wazi kidogo. Swali langu sasa ni nani amelala kwenye ule uwazi.

Jumanne, 29 Machi

Tomaso amesema, "Twende kambini. Siwezi kula na Method yuko kule." Mimi sikumsukuma. Naandika hivyo hapa ili nisije nikajidai baadaye.

Jumatano, 30 Machi

Tulikwenda baada ya vipindi. Bwana Pieter alitupokea chini ya turubai, akatupa viti vya kukunja. Tomaso alieleza mwenyewe, kwa Kiingereza chake, alivyosikia na alivyosema. Bwana Pieter kwanza alicheka, kicheko cha mtu aliyepata nafuu. Halafu akamwona Tomaso hacheki, akaacha.

Alisema ataondoa malalamiko kuhusu kioo, mradi watu waelezwe vizuri alichosema.

"Ulisema hardly," nikamwambia. "Ni mangapi hayo?"

Alikuna shingo. Akafungua ramani juu ya meza. Makaburi aliyachora kwa vidoti. Matatu yako kwenye mstari, akasema, na hayo yangehamishwa kwa heshima zote, kwa gharama ya kampuni. Aliweka kidole kwenye cha mwisho. Sikuhitaji jina.

"Hilo ni la mume wangu."

Alikaa. Akasema anasikitika, na kwamba kati ya makaburi mengi namna ile, matatu ni karibu na hakuna, ndiyo maana alichagua neno lile.

"Safari hii sema bila hilo neno," nilimwambia. "Sema ndiyo au sema hapana."

Akajibu kwamba hapana hana mamlaka ya kuisema. Wakubwa wako Mwanza. Hapo nikamwelewa. Hakutudanganya. Alikuwa amejibanza nyuma ya neno jembamba, na sisi tukampiga mawe kwa neno jingine.

Jumapili, 3 Aprili

Mto umejaa, magari hayavuki. Mkutano wa kuwaeleza watu umesogezwa mpaka Jumamosi.

Jumanne, 5 Aprili

Mvua. Sijamwambia Mama.

Ijumaa, 8 Aprili

Nimemwambia. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha kupepeta. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo Tomaso alikosea neno akapata kitu." Nikasema ndiyo. "Kesho na aseme alikosea. Halafu wewe useme hicho kitu."

Jumamosi, 9 Aprili

Ghala lilijaa kuliko mara ya kwanza. Waliokosa nafasi walisimama kwenye mvua na kuchungulia madirishani.

Tomaso alianza. Alivua kofia, akasema, "Ndugu zangu, siku ile mzungu hakusema kwa nguvu. Nilikosea mimi. Lile neno sikulijua, na sikuuliza."

"Wamekununua!" mtu mmoja alipiga kelele. Mwingine: "Juzi ulikuwa mwanaume, leo umepewa nini?" Walewale waliompa mkono kanisani. Alibaki amesimama, kofia mkononi, na hakujitetea. Kwa mara ya kwanza nilimwona anafanana na kaka yake.

Mzee Waisiko aligonga fimbo. "Haya. Kama si kwa nguvu, ni nini? Mwalimu yupo?"

Nikasimama. Nikasema, "Ni neno la Kiingereza linalomaanisha karibu na hapana. Ukiniuliza kama mvua ilinyesha wakati wa kiangazi, nami nikajibu kwa neno hilo, maana yake matone yalianguka. Machache. Lakini yalianguka."

Watu walikuwa wakilitafuna jambo hilo wenyewe kwa wenyewe, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Ndipo Mama alipoongea, bila kusimama.

"Mimi mambo ya matone sijui. Makaburi yataguswa au hayataguswa?"

Nililitafsiri swali kama lilivyo, nikaongeza kwa Kiingereza, "Yes or no, Mr. Pieter."

Alinitazama, akamtazama Mama. Shingo ilizidi kuwa nyekundu. "Yes," akasema. "Three."

Hilo halikuhitaji mkalimani. Watoto wa shule waliokuwa madirishani walilirudisha nje, nikalisikia likisafiri kwenye mvua: tatu, tatu.

Hakuna aliyerusha kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vurugu, na badala yake watu walikaa chini. Mzee Waisiko akataka majina. Nikayasoma. La Mogesi nililisoma mwisho.

Familia mbili zilijadiliana pale pale. Walikubali kuhamisha wao wenyewe, watu wao, siku wanayotaka wao. Macho yakamgeukia Mama.

"Mwanangu walishamtoa ardhini mara moja," alisema. "Wakamtoa na mikono yake imevunjika. Mara ya pili, hapana. Mzunguke."

Bwana Pieter aliuliza kama mashine inaruhusiwa kutoboa pembeni bila kumgusa. Pembeni, kweli pembeni, akaonyesha kwa mikono. Mzee Waisiko alimwambia Mama kwa upole kwamba kilima si chetu peke yetu, na kibali cha kampuni kimetoka serikalini. Mama alifikiri.

"Pembeni sawa. Lakini mimi ninapokwenda kupalilia sitaki kelele. Nikija, mzime."

Nikatafsiri. Bwana Pieter akakubali haraka, kama mtu aliyeogopa bei kubwa akatajiwa ndogo. "Anakuja mara ngapi?" akauliza.

"Palizi inapotaka," Mama akajibu.

Wakaandikiana mbele ya mwenyekiti.

Jumatano, 13 Aprili

Method amerudi. Amekonda. Alikwenda kwanza kwa Tomaso, wakakaa nje ya nyumba.

Jumatatu ya Pasaka, 25 Aprili

Familia ya kwanza ilihamisha juzi, ya pili leo. Mashine imepanda. Tomaso amerudishwa kazini, lakini ukalimani hawampi; anabeba mabomba. Anasema ni afadhali, mabomba hayana maana mbili.

Jumanne, 3 Mei

Mama kaenda kupalilia. Mashine ikazimwa. Nilikuwa darasani nikasikia mngurumo ukikatika, kama mtu amefunga mlango wa kilima kizima. Wanafunzi wote wakanyanyua vichwa.

Jumatano, 4 Mei

Kaenda tena. Nikamuuliza, jana hukumaliza? Akasema upande mmoja ulibaki.

Ijumaa, 6 Mei

Kaenda.

Jumatatu, 9 Mei

Kaenda asubuhi, karudi adhuhuri kula, kaenda tena.

Jumamosi, 14 Mei

Nimepanda kuona. Kaburi la Mogesi ni safi kama uwanja wa kupuria mtama. Hakuna jani. Mama anapalilia yale mashimo mawili yaliyofukiwa, ya majirani waliohamishwa. Akimaliza hapo anarudi kwa Mogesi, anavunja mabonge ya udongo kwa vidole. Mashine imesimama hatua chache pembeni, mafundi wameegemea mabomba, wengine wanacheza bao la vishimo ardhini. Tomaso kakaa mbali, kichwa kati ya magoti. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Bwana Pieter aliniita kando. Hakuwa na hasira, ila uchovu. Aliuliza kama mama mkwe wangu ana nia mbaya. Nikamwambia sijui, nikamwuliza yeye hupalilia makaburi ya kwao?

Akasema kaburi la mama yake liko mbali. "I hardly ever go."

"Kwa hiyo huwa unakwenda," nikasema.

Aliangalia kilima, akavua kofia, akaivaa tena. "Hapana," akasema kwa Kiswahili. "Sijakwenda."

Nilimhurumia kuliko nilivyotaka. Nimeshuka nikifikiri ni maneno mangapi ya namna hiyo tunayo sisi wenyewe, maneno ya kuusogelea ukweli na kuishia karibu. Mimi siku ile, "Tomaso ndivyo alivyosema," nililitumia langu.

Alhamisi, 19 Mei

Mvua zinakatika. Mahindi yanabeba. Mama kaenda.

Jumanne, 31 Mei

Mitihani ya muhula. Mama kaenda.

Jumatatu, 6 Juni

Mashine imeteremshwa. Watu wa Mwanza wamesema kazi haiendi, wajaribu upande wa pili wa kilima, ambako hakuna kaburi wala mahame. Bwana Pieter alipita kuaga. Alimwamkia Mama, "Shikamoo," kwa matamshi yake ya ajabu, naye akaitikia, akampa karanga kwenye karatasi.

Usiku Mama alijinyoosha mkekani akalalamika mgongo. Tomaso alimchua kwa mafuta. "Mama, kweli ulikuwa unapalilia?" akamuuliza.

"Kwani uliona nikifanya nini?"

"Majani hayakuwepo."

"Nilikuwa nampa habari zenu," akasema. "Habari zilikuwa nyingi." Kisha akasema kesho atapumzika.

Jumanne, 7 Juni

Hakupumzika. Alfajiri Tomaso alikuja mbio. Vijana kutoka Nyamongo wako kilimani na sururu, wanachungulia matundu yaliyoachwa na mashine. Wamesikia kampuni ilitoboa pale, na kwao hiyo inatosha. Wameshaanza kupima kwa miguu nani achimbe wapi. Hawa hawana wakubwa Mwanza, hawajaandikiana na mtu.

Mama alikuwa amekwisha kufunga kanga kiunoni. Nikamwambia wale hawatazima kitu kwa ajili yake.

"Ni watoto wa watu," akasema. "Na waliomtoa Mogesi kwa mikono walikuwa watu wa namna hiyo hiyo. Nitaanza kwa kuwauliza majina ya mama zao."

Shule zimefungwa. Nilichukua jembe la pili, nikamfuata. Tomaso alitangulia, na njiani tukamkuta Method ameshasimama akitungoja, mikono mitupu.